Mitungi Mitatu kwa Watu Wawili

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini sikio halikusumbui sana na upepo wa huko juu umepungua. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba, na wewe bado hukusikia. Tuendelee na barua. Mama anasema unazipenda kwa sababu kwenye barua hakuna mtu wa kukukatiza.

Ile kazi imepatikana. Ni ule mgodi wa zamani uliojaa maji, ambao mji wote wa bondeni unakunywa kutoka humo. Ndani kabisa, mita mia chini, kuna lango la chuma lililofungwa enzi za wachimbaji, na ofisi ya maji inataka kujua limeoza kiasi gani kabla halijawaamulia lenyewe. Wanataka picha. Tutashuka wawili, mimi na Kobe. Humjui kwa sura, lakini nimeshakutajia: yule fundi friji anayefanya kila kitu polepole mpaka wenzake wakampa hilo jina, naye akalipokea bila ugomvi.

Nimeambatanisha mpango wa gesi. Tutavaa zile mashine za kupumulia, na kwa dharura tutabeba mitungi mitatu ya gesi ya kuvuta huko chini kwa timu nzima. Ni hesabu ya kuchangia, ile ya mtu mmoja na nusu. Naomba uusome kwa utulivu. Nimesema utulivu, Mjomba.

Usishangae mwandiko. Siku hizi naandika kwa mkono wa kushoto. Najifunza kutumia mikono yote miwili, maana chini ya maji huwezi kujua ni upi utakaohitajika.

Mama anakusalimu na anauliza kama bado unagombana na mwenye nyumba.

Mpwa wako


13 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwenye nyumba na mimi hatugombani, yeye anakosea na mimi namwambia.

Nimeusoma mpango wako. Utulivu ulinitoka kwenye mstari wa tatu.

Nitakuandikia kama namwandikia mtu ambaye hajawahi kulowa, kwa sababu karatasi uliyoniletea imeandikwa na mtu wa namna hiyo. Mashine unayovaa mgongoni ina kazi moja. Inachukua pumzi uliyoitoa, inaisafisha kwenye chujio, inaongeza oksijeni kidogo, inakurudishia. Hakuna mapovu, hakuna kinachopotea, ndiyo maana unaweza kukaa chini kwa saa nyingi na mtungi mdogo. Ni kitu kizuri sana mpaka siku chujio linapokataa. Siku hiyo unaanza kuvuta uchafu wako mwenyewe, na mwili unalijua hilo kabla yako. Unahema. Unahema kama mbwa aliyefukuzwa mtaa mzima. Hapo unatema mashine na kushika mtungi wa dharura, na huo haurudishi kitu: kila pumzi inaondoka na mapovu yake.

Sasa tazama ulichoandika. Lita kumi na tano kwa dakika. Nani huyo anayevuta lita kumi na tano? Ni mtu aliyekaa kwenye kochi anasikiliza redio. Anayehema anavuta mara tatu ya hapo, na kwenye mita mia kila pumzi inakula gesi mara kumi na moja ya ile ya juu. Mtungi ulioupangia robo saa utakwisha kabla chai haijapoa. Baada ya hapo bado hujafika nje, na ukifika bado una vituo vya kusimama, kwa sababu ukipanda moja kwa moja damu yako inafanya kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa. Mimi niliruka kituo kimoja tu, na sikio langu limebaki huko huko.

Halafu huo upuuzi wa mtu mmoja na nusu. Watu wawili wanashuka na gesi ya mtu na nusu, wanajipa moyo kwamba balaa litampata mmoja tu, kwamba watakuwa pamoja litakapompata, na kwamba maji yatakuwa safi wapate kuonana. Nani aliwapa ahadi hiyo kwa maandishi? Niambie basi, kati yenu nyie wawili, nani ndiye nusu mtu? Ningependa kumfahamu kabla hajafa.

Najua ujinga huu umetoka wapi. Umetoka kwa huyo fundi friji. Katika maisha yangu nimegundua kwamba mtu anayesifiwa kwa upole mara nyingi ni mvivu aliyepata jina zuri. Hataki kubeba uzito, kwa hiyo anauita uvivu wake ushirikiano. Naandika makala kwenye jarida letu la wapiga mbizi, toleo la mwezi wa tatu. Jina lake sitalitaja. Nitaandika tu “fundi friji mmoja”.

Mwandiko wako umekuwa kama njia ya konokono, lakini sababu yake imenifurahisha. Mikono yote miwili: hayo uliyapata kwangu. Endelea hivyo hivyo.

Mjomba


24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mafundi friji wanaoshuka mita mia, ninavyojua mimi, yupo mmoja. Ungeandika tu na namba ya nyumba yake.

Nakuomba usiichapishe. Kwenye hesabu ya kuhema sibishi, tutairudia. Lakini Kobe si mvivu. Ungemwona anavyojaza chujio lake. Anamimina ule unga wa kusafisha pumzi kidogo kidogo, anagonga pembeni kwa kidole, anasubiri utulie, anamimina tena, anaongea nao kama mtu anayemlaza mtoto. Wenzetu wanakuwa wamemaliza, wamekunywa chai na kuanza kusengenyana, yeye yuko nusu. Na tukiwa chini, kila kituo ananisimamisha ananisomea geji zangu za gesi, na mimi namsomea zake. Hasogei mpaka tumemaliza. Ukichangia gesi na mtu lazima ujue anayo kiasi gani, kwa hiyo tunakaguana kama watu wa forodha. Hicho ndicho unachokiita uvivu.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuandikia, lakini nimeandika mstari nikaukata, kama unavyoona hapo juu. Badala yake nina swali, la kinadharia tu. Tuseme timu ina mtu ambaye kwa sasa hawezi kubeba mitungi miwili. Mengine yote anayaweza. Kazi ni yake, ameisubiri muda mrefu, na akiikosa hii hakuna atakayemwita tena. Mtu kama huyo wewe ungempangaje?

Nijibu hilo tu, hata kama mengine yamekukera.

Mpwa wako


3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Makala imeshakwenda kwa mchapaji, na hata ingekuwa bado iko mezani nisingeirudisha. Watu hawafi kwa kuonewa kwenye jarida.

Swali lako la kinadharia linavaa ovaroli na lina bisibisi mfukoni. Namjua mwenyewe. Unamtetea kwa moyo mzuri, na moyo mzuri haujawahi kumpa mtu hata lita moja ya gesi.

Jibu ni hili. Asiyeweza kubeba pumzi yake abaki nchi kavu aoshe glovu za wenzake. Hakuna cha “kwa sasa”. Maji hayajui “kwa sasa”. Hakuna cha “ameisubiri muda mrefu”, hata kaburi linasubiri muda mrefu. Na kama ana udhaifu, basi awe na ujasiri wa kuusema kwa mdomo wake, asimtume mtoto wa dada yangu amwulizie.

Hayo ndiyo majibu yangu, na ungeniuliza mara kumi ungepata yale yale.

Mjomba


21 Machi

Mzee,

Shikamoo. Mimi ndiye yule fundi friji mmoja.

Samahani kwa kukuandikia bila kujuana. Anwani nimeipata nyuma ya jarida. Makala yako imebandikwa ukutani kwetu, kwenye chumba cha kompresa tunapojazia mitungi, na aliyeibandika amepigia mstari yale maneno ya nusu mtu. Sasa kila nikiingia wananiuliza leo nimekuja upande gani, wa juu au wa chini. Nacheka nao, ni watani wangu. Binti yangu pia aliisoma. Yeye hakucheka.

Kwenye kuhema umesema kweli. Nimerudia hesabu yote kwa mtu anayehema na nikaona haya. Mitatu haitoshi kwenda langoni na kurudi. Minne inatosha, kwa shida kidogo. Nakushukuru kwa hilo, na ninasema bila kejeli.

Ila mpango wa mitatu ulikuwa na sababu, Mzee. Si yangu kuisema. Kama ungeniuliza kabla ya kuchapisha, ningekwambia uende ukaulize pale sababu ilipo. Sasa nimeambiwa sababu yenyewe imekwisha, na nimeoneshwa kwamba imekwisha. Kwa hiyo tutafanya unavyotaka: kila mtu na mitungi yake miwili, kila mtu na geji zake. Hatutachangia tena na hatutakaguana. Mwenzangu amesema akikaguliwa kila kituo anajisikia mtoto, na baada ya makala ile nami sina ubavu wa kubishana na mtu kuhusu kujisikia mdogo.

Ikitokea ukapita huku, friji yako ikisumbua, niite.

Kobe


29 Machi

Bwana Fundi,

Marahaba. Barua yako imenipa heshima kwako ambayo sikutarajia kuwa nayo. Mtu anayerudia hesabu na kukubali kwamba alikosea, huyo ni mtu mzima. Nimewaandika wengi kwenye jarida lile, na wengi walinijibu kwa matusi. Wewe umejibu kwa kalamu na karatasi.

Kuhusu hiyo sababu, sababu iliyokwisha haina haja ya kuelezwa. Tusiichimbe.

Baada ya kazi yenu nitaandika kipande kingine, nami nitasema wazi kwamba fundi friji mmoja amewafundisha wenye vyeo namna ya kusahihishwa. Shukeni salama, kila mtu na pumzi yake.

Friji yangu ni nzima. Ni mimi ndiye mbovu.

Mjomba wa mwenzako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Najua Mama ameshakupigia, na najua hukumsikia vizuri, kwa hiyo naandika.

Mwezi wa kwanza, tukishusha mitungi kwenye gari, mmoja uliteleza nikaudaka. Bega la kulia lilitoa sauti kama mtu anayechana kitambaa. Daktari alisema nisinyanyue kitu mpaka katikati ya mwaka. Mbali na daktari, aliyejua ni Kobe tu, kwa sababu alikuwa upande wa pili wa gari. Hakusema niache kazi. Alikaa na karatasi, akakaa nayo muda mrefu kama kawaida yake, akaja na mpango wa mitungi mitatu: yeye abebe miwili, mimi mmoja. Akaniambia, “Wakiuliza, sema ni hesabu ya Kobe. Mimi nimezoea kusemwa.”

Baada ya makala yako nilimwambia bega limepona. Hakuamini, akataka kuona. Nilinyanyua mtungi uliojaa mbele yake, kwa mkono wa kulia, nikautembeza mpaka mlangoni na kurudi huku nikitabasamu. Halafu nikaenda chooni nikatapika.

Sasa ya siku yenyewe. Kwenye mita sabini kuna sehemu nyembamba tunayoiita Koo. Ili upite unatakiwa kuusukuma kila mtungi mbele yako, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono ulionyooka. Kobe alipita kwanza. Mimi nilipitisha mmoja, na wa pili ukanishinda. Nikaufunga kwa ndoano kwenye kamba ya njia, ile tunayoifuata gizani, nikijiambia nitauchukua wakati wa kurudi. Zamani angegeuka kunisomea geji. Safari hii aligeuka akaniuliza kwa ishara kama niko sawa, nikamjibu niko sawa, akaendelea.

Lango tulilifikia. Ni zima, Mjomba. Halina hata kutu ya maana. Picha zimetoka vizuri.

Tulipoanza kurudi nikamwona anaongeza mwendo, na Kobe haongezi mwendo. Nilipomfikia alikuwa tayari ametema mashine na yuko kwenye mtungi, anahema kama ulivyoandika. Chujio lile lile alilolijaza kwa kidole. Mpaka leo hakuna anayejua lilikosea wapi. Mtungi wake wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha karibu na Koo. Nikampa wangu. Mashine yangu ilikuwa nzima, mimi sikuhitaji kitu. Akaweka mdomoni, akavuta, halafu akanyoosha kidole ubavuni kwangu, pale ambapo mtungi wa pili unatakiwa kukaa, akaniuliza uko wapi.

Hatuna ishara ya kujibu swali hilo.

Tulipita kwenye Koo kwa haraka tukatibua tope lote. Nilipapasa kamba kwa mkono wa kushoto nikarudi nikapapasa tena, na mtungi sikuuona. Baadaye waliupata pale pale nilipoufunga. Tulipotokea kwenye shimo kubwa linalopanda hadi juu, geji yake ilikuwa karibu na sifuri, na mtungi uliofuata, ule wa akiba, unaning'inia kwenye kamba mita ishirini na moja, na kabla ya hapo kuna vituo ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuviruka. Aliangalia geji, akaniangalia mimi. Akanigusa hili bega. Hakulibana, aliligusa tu, nikajua kwamba ameelewa. Halafu akapanda.

Mimi nilikaa vituo vyangu vyote. Saa baada ya saa nikiwa nimeshika kamba, nasoma dakika kwenye kioo cha saa, huku sijui huko juu kuna nini. Nilipofika mita ishirini na moja nikakuta mtungi wake peke yake, bado una gesi. Alikuwa ameanza kupoteza miguu hapo hapo, wenzetu waliokuwa juu wakashuka wakamtoa.

Yu hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu.

Uliuliza kati yetu wawili nani ndiye nusu mtu. Ni mimi. Nilikuuliza mwezi wa pili unipangeje, ukaniambia nikaoshe glovu.

Mpwa wako


18 Mei

Bwana Fundi,

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa na hesabu, ikionesha kwamba mitungi minne ingetosha. Ya pili ilimlaumu mpwa wangu. Ya tatu ilikulaumu wewe kwa upole wako, kwa kumsitiri pale ambapo ulitakiwa kumkatalia. Zote tatu zilikuwa na hoja nzuri, na ningeweza kumshinda mtu yeyote kwa yoyote kati ya hizo. Hii ya nne haina hoja, na sijui barua isiyo na hoja inaandikwaje.

Uliniandikia kwamba kulikuwa na sababu. Nikakujibu kwamba sababu iliyokwisha haina haja ya kuelezwa. Niliipenda sentensi ile nilipoiandika. Niliisoma mara mbili kwa sauti, peke yangu, kabla ya kufunga bahasha. Kama ningekuwa na akili ya mtoto ningeuliza neno moja tu: sababu gani? Mpwa wangu naye aliniuliza waziwazi, mimi nikajibu kana kwamba umeuliza wewe, kwa sababu wewe nilikuwa nimeshakuhukumu na ilikuwa rahisi kuendelea.

Nina deni kwako hadharani kwa sababu nilikudhalilisha hadharani. Nataka kuandika ukurasa mzima kwenye jarida. Nitaeleza kila kitu, nitataja jina langu kwanza, nitasema kanuni ya kila mtu na pumzi yake ni sahihi, lakini kwamba nilipoisema niliwafanya watu waone haya kukaguana, na hilo sikulipigia hesabu. Nitakutumia uisome kabla. Ukitaka kufuta mstari, futa.

Sikuandika “pole”. Nimeliandika mara nyingi kwenye zile zilizochanwa na kila mara lilionekana dogo.

Mjomba wa mwenzako


2 Juni

Mzee,

Shikamoo. Barua yako mke wangu aliniletea na uji wa asubuhi, nikaisoma kwanza uji ukapoa.

Niko nyumbani. Wameniwekea kitanda chumba cha mbele, karibu na mlango, na watu wanaleta friji zao mpaka hapa. Ndogo zinawekwa mezani, kubwa wanazilaza sakafuni na mimi nalala kando yake. Kazi inakwenda. Polepole, lakini hilo si jipya.

Wenzangu wa kompresa walikuja. Wakaniambia wamebandua ile karatasi. Nikawaambia wameharibu utani, maana sasa hivi ningekuwa na jibu: nimekuja upande wa juu. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nataka wacheke, Mzee. Watu wakiacha kukutania ndipo unajua umeumia.

Makala nakuomba usiandike. Ukiandika nitakuwa mfano tena. Mara ya kwanza nilikuwa mfano wa mjinga, sasa nitakuwa mfano wa mtu mwema, na vyote viwili si mimi. Hesabu yako ilikuwa sahihi na itabaki kuwa sahihi. Kuna usiku nimetamani ingekuwa na kosa, nipate kukukasirikia.

Wa kukasirikiwa wako wengi, na mimi nimo. Nilimwona mpwa wako akitabasamu na ule mtungi mkononi. Nimemfahamu miaka mingi na sikuwahi kumwona akitabasamu akiwa amebeba mtungi, wala yeye wala mtu mwingine. Nikajifanya nimeamini kwa sababu na mimi nilitaka kwenda. Nilitaka usome kwenye jarida lako kwamba yule nusu mtu amefika langoni. Hilo sijamwambia hata mke wangu.

Kinachonisumbua si miguu, ni mpwa wako. Hajaja hata siku moja. Anamletea mke wangu vitu, anaviweka mlangoni, anabisha hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Kitanda changu kiko pale pale nyuma ya mlango. Nasikia hatua zake zikija, nasikia zikiondoka. Siwezi kumkimbilia.

Mwandikie. Usimwambie nani alikosea. Yeye anajua, wewe unajua, na mimi nalala nalo hapa. Muulize kitu. Halafu nyamaza usubiri jibu.

Kobe


10 Juni

Mpwa wangu,

Makala sitaandika. Kwenye jarida nimewaandikia watafute mtu mwingine wa ukurasa ule, nao wamenijibu haraka kuliko nilivyopenda.

Nimeitoa barua yako ya mwezi wa pili, ile ya kwanza. Nimeisoma kama mtu anayesoma barua. Zamani nilikuwa naisoma kama mtu anayetafuta pa kupiga. Umeandika kwamba siku hizi unatumia mkono wa kushoto, na mimi nikajisifia kwamba hayo uliyapata kwangu. Mtu akikwambia amebadilisha mkono, hata mpita njia angeuliza ule mwingine umepatwa na nini.

Nilikuwa nimejiandaa kukuuliza kwa nini hukusema. Kisha nikajiuliza ungesemea wapi. Kwenye simu sisikii, kwenye barua sikatizwi, na ulipobisha hodi kwa jina la mtu mwingine nilikufukuza kwa jina lake.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la kwanza nije huko. Nataka twende kwa Kobe pamoja. Hutalazimika kusema kitu, na nimejiahidi kwamba na mimi sitasema. Ukikubali, tutabisha hodi na kusimama pale mpaka wafungue. Ukikataa nitakwenda peke yangu, na nikitoka nitapita kwako kukaa kidogo. Kaa upande wangu wa kulia, ndiko kwenye sikio linalosikia walau kidogo.

Kabla ya hapo nina swali moja, na si la kinadharia. Chukua muda wako, andika kwa mkono wowote, andika mstari mmoja au kumi. Nitasoma mpaka mwisho kabla ya kugusa kalamu.

Bega lako linaendeleaje?

Mjomba